Masikio Wamemfufua, Baba

Kamwene, Baba. Na shikamoo pia, usije ukasema Mbeya imeniharibu.

Nimeanza na salamu yako ya kazini, ile uliyokuwa unaitoa kwenye maiki kabla hujaanza kuwatafsiria watu picha: "Kamwene wa Iringa, ugonile wa Tukuyu, na wengine wote habari za leo. Kaeni vizuri, mwenye kofia pana arudi nyuma." Siku hizi naitoa mimi. Mara ya kwanza sauti ilinikwama kwenye kofia pana, nikajifanya nakagua waya. Watu wakanisubiri. Hakuna aliyepiga mluzi, na unawajua watu wa Mwanjelwa, MC wa harusi akimeza mate tu wanapiga mluzi.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya kwenye banda lako la video na nataka ulisikie kwangu. Najua huko hakuna wa kukupelekea umbea. Lakini ulinizoesha kukupa taarifa kila jioni, nani kaja, nani kalala, nani kalia, na tabia hiyo haijanitoka.

Kwanza ya nyumbani. Mama hajambo. Bado anauza chai na maandazi pale mlangoni, bado anasema yeye hana habari na muvi, na bado anajua kila kilichotokea kuliko waliokaa mbele. Kiti chako cha mbao kipo palepale kando ya skrini. Sijamkataza mtu kukikalia, ila hakikaliwi. Lile bati lililokuwa linavujia benchi la nyuma tumelibadilisha. Mvua ikinyesha bado hatusikilizani, kwa hiyo nasimamisha picha kama zamani, watu wanakunywa chai, Mama anafurahi.

Sasa nije kwa Masikio.

Nitaeleza kuanzia mwanzo ingawa wewe unajua yote, maana ulinifundisha kwamba kwenye benchi la nyuma hakukosekani mtu aliyechelewa, na yeye naye anastahili kuelewa. Masikio ni yule shujaa wa tamthilia ya Kizungu. Jina lake lenyewe lilikuwa refu, ukasema litakuvunja meno bure, ukambatiza hapohapo mbele ya watu. Nguvu zake ni kusikia. Mtu akilia popote pale mjini kwao, hata chini ya ardhi, yeye anasikia na anakwenda. Ila kila anapomwokoa mtu, masikio yake yanapungua nguvu kidogo, na hayarudi. Ulimpenda kwa hilo. "Huyu namkubali," ulisema, "huyu analipa."

Nakumbuka kile kipande cha msimu wa kwanza, mama yake anampigia simu, anamweleza habari ndefu za nyumbani, na Masikio hasikii tena vizuri. Anatabasamu tu anaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Ulikitafsiri kwa sauti ya chini mpaka watu wakainama mbele. Nikageuka mlangoni nikamwona Mama ameshika birika hewani, kikombe cha mteja hakijajaa, na mteja mwenyewe hadai. Nilikuwa nimekaa kwenye waya za spika, na nikajua kwamba hii ndiyo kazi ninayoitaka.

Ulinifundisha kazi yenyewe kwa maneno machache. Usiongeze. Usipunguze. "Sema alichosema. Kama amesema upuuzi, sema upuuzi, ila kwa Kiswahili kizuri." Wapo watafsiri mjini wanaotia vichekesho vyao humo ndani, wanawatukanisha wazungu kwa Kisafwa, na watu wanacheka. Wewe hukutaka. Ulisimama na maiki yako na Kiingereza chako cha shule ya Tosamaganga, ukamwacha kila mtu azungumze yake.

Na ile desturi yako. Mtu akifa kwenye picha, awe mwema, awe jambazi, uliweka maiki chini. Hata kama waliobaki hai wanaongea, hukuwasemea mpaka muziki uishe. Ulisema kwenu Iringa mkiwa shambani na msiba ukapita barabarani, jembe linawekwa chini, kofia zinavuliwa, na hakuna anayeuliza aliyekufa ni nani. Watu wa Mwanjelwa mwanzoni walikucheka. Halafu mmoja akavua kofia, na mwingine, ikawa sheria ya banda. Wanaume wanavua, kina mama wanasimama. Wageni wakija wanadhani umeme umekatika.

Mwisho wa msimu wa tatu hukuhitaji kumkumbusha mtu. Masikio alikuwa amekuwa kiziwi kabisa, na watoto wamenaswa kwenye njia ya treni chini ya ardhi, maji yanajaa. Hawezi kuwasikia. Akaweka viganja kwenye ukuta, akawa anafuata kugonga kwao kwa mikono. Akawatoa wote, yeye akabaki. Ulikuwa umeshaweka maiki chini kabla maji hayajamfika kidevuni. Ambwene wa bodaboda, yule ambaye tulikuwa tunamtania kwamba hata kwa kinyozi anaingia na helmeti, aliivua akaipakata mapajani. Muziki ukaisha. Hukutoa hotuba. Ulisema, "Haya, twendeni nyumbani," na sauti yako ilikuwa imekwisha.

Hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho, Baba. Hatukujua. Tulidhani ni kikohozi cha baridi ya Mbeya, tukakuchemshia tangawizi.

Ulikuwa umewaahidi watu. Kila walipokutania kwamba sauti inapasuka kama spika ya kanisani, uliwajibu: "Tamthilia hii nitaifikisha mwisho, hata kama itabidi niitafsiri kwa mluzi." Maneno hayo nilikaa nayo pembeni ya jeneza lako njia nzima, kutoka Mbeya mpaka Iringa. Nilikuwa najiuliza nani ataifikisha sasa.

Nikusimulie mazishi, kwa kuwa hukuyaona vizuri. Baba mdogo alisoma wasifu wako pale nyumbani Mlandege kabla hatujaondoka kwenda makaburini. Alisoma vizuri, sauti ni yenu nyote. Kuzaliwa, kubatizwa, shule, ndoa, watoto. Kisha akasoma: "Marehemu alijishughulisha na biashara ndogondogo mkoani Mbeya." Akageuza karatasi. Basi. Maisha yako yote ya kazi yalipita hapo, kwenye neno lilelile la wauza nyanya na mitumba. Simlaumu, ndivyo walivyokuwa wanakuona, mtoto aliyesomeshwa misheni akaishia kwenye vibanda vya video. Lakini iliniuma, Baba. Iliniuma kuliko udongo.

Halafu watu wako wakasema bila kusema. Walikuja na kosta nzima kutoka Mwanjelwa. Jeneza lilipoanza kushuka kwaya ikaanza wimbo, ndugu zako wote wakaitikia, na wale wa kosta wakakaa kimya. Wanaume walivua kofia, kina mama wakasimama kutoka kwenye majani walipokuwa wameketi. Ambwene alikuwa na helmeti mkononi. Alisafiri na helmeti kwenye kosta, Baba, ili apate cha kuvua. Baba mdogo akaniinamia akaninong'oneza: "Hivi hawa wenzenu ni dhehebu gani?"

Nikamjibu, "Ni watazamaji wa Baba."

Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe dakika ile.

Tukarudi Mbeya, matanga yakaisha, nikashika maiki. Nikaanza na muvi za ngumi ambazo hazina maneno mengi, nipate nguvu. Halafu msimu wa nne wa Masikio ukafika. Watu wakajaa mpaka dirishani. Nilidhani utakuwa ni habari za wale watoto aliowaokoa, au mama yake. Nilikuwa tayari kulia.

Wamemfufua, Baba. Wala hawakungoja. Kabla maandazi hayajazunguka, wametoa mashine, ina taa za bluu, wamemlaza humo, ameamka. Na siyo kuamka tu. Anasikia. Kila kitu kimerudi kama kipya, masikio yote mawili, utadhani alikuwa ameyaweka rehani. Akakaa kitandani akasema neno moja, na mimi nikalisema kwa Kiswahili kizuri kama ulivyoniagiza: "Nimerudi."

Nilitaka kuirusha ile maiki. Watu walipiga makofi, nisiseme uongo, walifurahi. Mimi nilikuwa natazama kiti chako. Nilikuwa nimetoka kukuzika. Kama kurudi ni jambo la mashine na taa za bluu, nani alikuambia wewe ulale kule Iringa kwenye ubaridi? Nilimchukia mtu wa kwenye skrini. Nilimtafsiria mpaka mwisho, nikafunga banda, nikamwambia Mama naumwa kichwa.

Lakini ulikuwa umeahidi mwisho, kwa hiyo nikaendelea. Kila Jumamosi mchana, Masikio. Laiti ungeona walivyomharibu. Kwanza ametokea pacha wake, kutoka dunia nyingine, naye anaitwa vilevile na amevaa vilevile, nikawa nalazimika kubadilisha sauti ili watu wajue nani ni nani, nikaumwa koo. Halafu ametokea wa tatu. Yule jambazi aliyefurisha maji kwenye njia ya treni amesamehewa, kwenye sherehe, wanagonga glasi. Mama yake Masikio, yule wa simu, hawamtaji tena, kana kwamba hakuwahi kumzaa. Wanaongea muda wote wamesimama kwenye korido, mmoja anamweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua. Na picha imekuwa giza. Mama Sekela, muuza ndizi, unamjua anavyokaa mbele, aliniuliza kwa sauti: "Gwe Atupele, umeme umekatika au ndiyo wanapigana?" Nikamwambia wanapigana. Akasema, "Basi niamshe wakimaliza."

Nikasema upuuzi wao wote kwa Kiswahili kizuri. Sikuongeza, sikupunguza. Wengine wakaanza kuondoka katikati, na hawarudi. Ambwene alianza kubaki nje kwenye pikipiki yake, anasikiliza dirishani, anasema akiitwa na abiria asipoteze kitu, na kweli alikuwa hapotezi kitu.

Yote hayo ningeyavumilia. Tamthilia kuzeeka vibaya si jambo geni, umeziona nyingi. Lililonishinda ni hili.

Katikati ya msimu wakamuua tena. Jengo limemwangukia. Mimi kwa mazoea nikaweka maiki chini. Nikainamisha kichwa. Nikasubiri kusikia benchi zikilia kina mama wakisimama, na sikusikia kitu. Nikatazama. Kofia zote zilikuwa vichwani. Mtu mmoja benchi la nyuma akacheka, kisha akasema, "Endelea tu dada, Jumamosi ijayo huyu anakunywa soda." Banda zima likaangua kicheko. Hata Mama mlangoni alitabasamu, nilimwona.

Na Jumamosi iliyofuata alikuwa anakunywa soda. Kweli kabisa, Baba, soda, na mrija.

Siku hiyo sikulia kwa hasira. Nililia kwa sababu niliona wanakuchukua mara ya pili. Jina lako halipo kwenye bango, sauti yako haikurekodiwa popote, ulikuwa unatafsiri papo kwa papo na maneno yanakwenda na upepo. Kitu pekee ulichokiacha kwenye banda lile kikiwa kizima ni ule ukimya. Na sasa watu wanaucheka, na anayewachekesha ni mimi, kwa kuitimiza ahadi yako. Nikiendelea mpaka mwisho kama ulivyosema, desturi yako inakufa. Nikiacha, nimekuvunjia neno mbele ya watu waliokusindikiza mpaka kaburini. Nilizunguka na jambo hilo kichwani, nikipika, nikifagia, nikipanga foleni ya mafuta ya jenereta.

Msimu wa tano ukafika. Faili lilikuwa kwenye kompyuta, watu wamekaa, si wengi, wale wa kosta hasa. Nikatoa salamu yako. Kofia pana ikarudi nyuma. Halafu sikubonyeza. Nikawaambia ukweli: kwamba sitaki kuendelea na Masikio, kwamba wanachomfanyia ni dhihaka, na kwamba siwezi kuacha kwa sababu Baba aliwaahidi mwisho. Nikawaomba waniambie nifanye nini.

Mama Sekela akasimama. Alikuwa bado na kapu lake begani. "Sisi yule Masikio tulimzika," akasema. "Alikufa kwenye maji, tukasimama, tukaenda nyumbani. Huyu anayekunywa soda mimi simjui. Sasa unatuambia Baba Atu alituahidi mwisho. Kwani yeye alituacha wapi?"

Ambwene alikuwa ameingia ndani, sikumwona anaingia. Akasema, "Alituacha mwisho."

Baba, nilikaa chini. Nilikaa kwenye kiti chako, bila kufikiri, nikagundua nimekikalia wakati tayari nimekikalia. Ni kweli. Hadithi ya mtu anayelipa iliisha siku alipomaliza kulipa, na wewe ulikuwepo na maiki mkononi. Uliifikisha. Nilikuwa natembea na deni ambalo ulishalimaliza mwenyewe, mbele ya macho yangu, na ukasema twendeni nyumbani.

Nikalifuta lile faili. Kisha nikafungua la zamani, sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, nikaitafsiri mimi. Nilikuwa sijawahi kuthubutu kuigusa. Maji yakajaa, viganja vikaenda ukutani, nikamsemea kila mtoto kwa sauti yake. Na maji yalipomkaribia kidevuni nikaweka maiki chini, sikutazama mtu. Nikasikia benchi zinalia. Nikasikia mkanda wa helmeti ukifunguka. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya bati na hakuna aliyetoka kuanua kitu.

Nilijivunia, Baba. Najivunia hata sasa ninapoandika. Najivunia wewe, najivunia wale watu, na usinicheke, najivunia na mimi mwenyewe. Nje huko kuna wenye fedha na mitambo wasiojua hadithi yao iliisha lini. Mwanjelwa tunajua.

Tumeanza tamthilia mpya, ya daktari mmoja mchawi-mchawi, mwizi kidogo. Wiki iliyopita alikufa nesi, mtu mdogo tu, hana hata jina. Kofia zilivuliwa zote.

Na nina ahadi. Mwezi ujao tunakuja Iringa kujengea kaburi lako. Nimempigia simu baba mdogo nikamwambia wasifu safari hii nitausoma mimi. Nikamsikia anaguna-guna, nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anahesabu chakula. Akaniuliza, "Na lile dhehebu lenu linakuja?" Nikamwambia linakuja. Akasema, "Waambie basi na mimi nitanunua kofia."

Nitauanza hivi: Marehemu alikuwa mtafsiri. Sitaongeza, sitapunguza. Nitasema ulichosema, kwa Kiswahili kizuri, mpaka pale sauti yako ilipoishia. Nikifika hapo nitaweka karatasi chini ya jiwe isipeperuke, na hakuna atakayenisikia nikisema neno lingine.

Lala salama, Baba. Sisi tunakwenda nyumbani.

Mwanao,
Atupele